Doa Linalorudi Palepale: Mhadhara Kuhusu Dawa na Ngozi

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za mchana. Naanza na doa.

Mtu amemeza vidonge, na kabla jua halijazama anahisi kuwashwa mahali pamoja. Linatokea doa la duara, mara nyingi mdomoni, mkononi au sehemu za siri. Baada ya siku kadhaa muwasho unakwisha, doa linabaki jeusi kama muhuri. Miezi inapita. Anameza dawa ileile, na doa linaamka palepale. Kwa doa hili watu wameshutumiana uzinzi ndani ya nyumba, wengine wamekwenda kwa waganga kutafuta aliyewaroga. Ni kidonge tu. Askari wa kinga ya mwili walibaki pale kwenye ngozi, na wanaikumbuka ile dawa.

Huku kwetu nyingi kati ya dawa zinazoleta doa hilo ni za jamii ya salfa. Wenye umri wangu mnakumbuka Fansidar na Metakelfin: unameza mara moja, dozi imekwisha. Tanzania iliifanya SP, yaani dawa iliyomo ndani ya Fansidar, kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, kisha 2006 ikaja dawa mseto, kwa sababu vijidudu vya malaria vilikuwa vimeizoea SP. Lakini salfa haikuondoka. Mama mjamzito bado anapewa SP kliniki kumkinga na malaria, na anayeishi na VVU hupewa Septrin. Zinaokoa maisha, na sitaki mtu atoke hapa akiziogopa. Ninachoogopa mimi ni hiki: mtu anafika duka la dawa anasema, “Fansidar inanikataa,” anapewa Septrin ya kikohozi. Boksi jingine, jina jingine, salfa ileile.

Sasa kubwa lenyewe. Mwaka 1922 madaktari wawili wa New York, Stevens na Johnson, waliandika habari za watoto wawili waliopata homa, macho yakavimba, midomo ikachubuka, mwili ukajaa vipele. Ugonjwa huo unaitwa kwa majina yao hadi leo, na mara nyingi chanzo chake ni dawa: salfa, nevirapini ya VVU, karbamazepini na fenobabitali za kifafa, alopurinoli ya gauti, ule ugonjwa wa viungo kuvimba. Kwa kawaida unaanza kati ya siku ya 4 na ya 28 tangu mtu aanze dawa, na hapo ndipo tunapodanganyika. Unaanza kama mafua: homa, koo, macho kuuma. Nyumbani wanasema ni malaria, anaongezewa vidonge. Siku ya pili au ya tatu ngozi inauma hata ikiguswa na kanga, malengelenge yanatokea, ngozi inachunika kama ya mtu aliyemwagikiwa maji ya moto. Ikichunika chini ya sehemu 10 kwa mia ya mwili, hufariki kama mgonjwa mmoja kati ya kumi. Ikizidi sehemu 30, hufariki mmoja kati ya watatu, pengine zaidi.

Jambo moja linaniuma. Vitabu vingi huonyesha wekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi zetu msiusubiri wekundu. Tazameni zambarau, kahawia iliyokolea, au kijivu. Na tazameni macho na mdomo kwanza. Hayo hayajali rangi ya mtu.

Vipele vya kuwasha tu, bila homa wala vidonda? Rudi kwa aliyekupa dawa, na usiache mwenyewe dawa za VVU, TB au kifafa. Lakini macho yakiwa mekundu, mdomo ukichubuka, lengelenge likitokea, usimeze kidonge kinachofuata. Nenda hospitali saa hiyohiyo, na uchukue kila ulichomeza mwezi huo, hata chupa ya mitishamba. Usione aibu kuitoa.

Na tuseme tunachokiona. Zamani TB ilitibiwa pia kwa thiasetazoni, dawa ya bei nafuu. Nairobi wakahesabu vipele, wakachapisha matokeo mwaka 1991: kati ya wagonjwa wenye VVU, 20 kwa mia walipata madhara ya ngozi, kati ya wasio na VVU, 1 kwa mia. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaagiza wenye VVU wasipewe. Walihesabu, ndiyo maana wengine hawakuchunika ngozi. Nyinyi wa zahanati na maduka ya dawa, fomu ya njano ya TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, ya kuripoti madhara ya dawa, ni ya kazi hiyohiyo. Ijazeni.

Nimekuja na kalamu nyekundu. Mwenye daftari lake la kliniki, au la mtoto, na anaijua dawa iliyowahi kumkataa, aje hapa mbele tuandike juu ya jalada: jina la dawa, ilimfanya nini, mwaka gani.