Maji Yana Njia Zake: Mhadhara kwa Madereva, Kinondoni

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine wote habari za jioni. Asanteni kwa kuja. Najua kwa lile wingu la upande wa Ubungo wengi mnawaza mtafikaje nyumbani.

Kila masika, Machi mpaka Mei, gereji naletewa magari ya aina mbili: linalonuka na lililokufa. Nianze na lililokufa, maana ndilo linaloumiza mfuko.

Mtu anafika bonde la Jangwani, maji yamejaa. Anaona daladala limepita, naye anaingia. Anasahau kwamba kosta imenyanyuka, halafu inamwachia wimbi. Pembeni vijana wanaita, "Twende mama, shika kulia!" Kumbe wanangoja kumsukuma, ndiyo riziki yao siku hiyo. Katikati gari linazima. Mara nyingi hapo injini bado nzima. Anayeiua ni dereva mwenyewe, sekunde inayofuata, akipiga stata.

Injini inavuta hewa kwa bomba ambalo kwenye magari mengi madogo mdomo wake uko mbele, si mbali na taa. Bomba likizama, silinda inakunywa maji. Sasa hewa hubanika, maji hayabaniki. Pistoni inapanda, inakuta maji, haina pa kwenda, konrodi, ule mkono wa chuma unaoisukuma pistoni, inapinda. Nimeshashika moja mkononi iliyopinda kama ndoano.

Kwa hiyo likizima majini, acha ufunguo. Sukumeni mpaka pakavu, fungueni ea klina, kile kichujio cha hewa, muishike kwa vidole. Imelowa? Fundi atoe plagi zote kwanza, ndipo azungushe injini maji yaruke nje. Chomoa na dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili: oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, msiwashe kabisa.

Na bora usiingie. Maji ya sentimita 30 tu yanaweza kuliinua gari dogo, na yakiwa ya tope huoni kama mfuniko wa chemba upo au uliibiwa. Kulala kwa shemeji Magomeni ni nafuu kuliko injini.

Haya, linalonuka. Mama mmoja aliniletea gari, zulia la abiria linakamulika kama dekio. Alishalipa watu wawili wazibe paa. Nikafungua plastiki ya chini ya waipa: majani ya mwarobaini, yameoza mpaka yamekuwa udongo, tundu la kutolea maji limeziba kabisa. Maji yakijaa pale yanaingia kwenye feni ya AC na kushukia miguuni. Nilichota kwa mkono, dakika kumi. Paa halikuwa na kosa lolote. Wanaolaza gari chini ya mti, hilo ni lenu.

Lakini zulia likilowa hata siku ya jua, usiisingizie mvua. Ni kipaipu cha maji ya AC kimeziba.

Barabarani sitakaa sana. Matone ya kwanza ndiyo mabaya: oili na vumbi la wiki nzima vinageuka utelezi. Kashata za tairi, ile michongo yake, ndizo zinazokamua maji; nchi nyingi zinakataa tairi yenye kashata za kina chini ya milimita 1.6, mimi ningebadilisha kwenye 3. Ukisikia usukani umekuwa mwepesi ghafla, gari linaelea: toa mguu kwenye pedali ya mafuta taratibu, usikanyage breki, usikate usukani. Kioo kikipata ukungu washa AC hata kama unasikia baridi, na zima kile kitufe chenye mshale unaozunguka ndani ya gari. Chini ya flaiova ya Tazara punguza mwendo, bodaboda huwa wamejikinga mpaka njiani. Na hazadi, zile taa za dharura, jamani! Unatembea nazo zinawaka, wa nyuma atajuaje unakata kona? Washa taa za kawaida.

Kaka pale nyuma ameuliza kama atoboe sakafu maji yatoke. Usitoboe. Nyanyua zulia, magari mengi yana vizibo vya raba kwenye bati. Chomoa, maji yaishe, kausha na sponji ya chini, urudishe. Nje kuna gari langu na ndoo ya maji. Twendeni nimwage juu ya kioo, mchungulie chini muone yanatokea wapi, kabla ya mvua kutuwahi.