Eko ya moyo baada ya mshtuko wa moyo: jinsi ya kuisoma

Karibu tena. Tuchukulie tuna mgonjwa aliyepata mshtuko wa moyo juzi. Ndugu zake wako nje na swali lao ni moja tu: atapona? Tuone eko, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, inajibu nini.

Mlaze ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto chini ya kichwa. Paka jeli, weka probu, kile kifaa cha mkononi cha mashine, pale mapigo yanapogonga kidole, mwambie atoe pumzi na aizuie kidogo. Hiyo ndiyo picha ya chemba nne za moyo. Angalia ncha ya moyo: haitakiwi kurukaruka kuelekea kwenye vali. Ikiruka, umeikata, shusha probu nafasi moja ya mbavu. Usifanye uvivu hapa, picha iliyokatwa huupa moyo mgonjwa alama usizostahili.

Simamisha picha ventrikali ya kushoto, chemba inayosukuma damu mwilini, ikiwa imejaa, chora ukingo wake wa ndani. Chora tena ikiwa imebana kabisa. Zungusha probu upate chemba mbili, rudia. Mashine itakupa EF, yaani asilimia ya damu inayosukumwa nje kila pigo. Wengi huishia hapo. Mimi jicho langu hukimbilia mililita zilizobaki ndani baada ya kubana. Mwaka 1987 watafiti wa New Zealand, wao wakitumia angiografia (picha za eksirei zenye dawa ya rangi), waliona ujazo huo unatabiri uhai wa mgonjwa kuliko hata EF.

Sasa kuta. Zigawe vipande 16. Kinachobana vizuri kipe 1, kinachobana kidogo 2, kisichobana 3, kinachotutumka nje wenzake wakibana 4. Jumlisha, gawanya kwa idadi ya vipande ulivyoviona. Ukipata 1, kuta ni nzima. Kadiri namba inavyopanda, hatari nayo inapanda. Tazama ukuta unanenepa au la, usidanganywe na kusogea: ukuta uliokufa hukokotwa na jirani zake.

Washa rangi zinazoonyesha mtiririko wa damu, uone kama vali ya mitrali, iliyo kati ya chemba mbili za kushoto, inavujisha. Chungulia ncha tena, hasa kama ukuta wa mbele ndio ulioumia, maana damu hupenda kuganda pale. Upande wa kulia, pete ya vali ya trikuspidi, iliyo kati ya chemba mbili za upande huo, ikisogea pungufu ya milimita 17, andika.

Ila hukumu usiitoe leo. Misuli mingine haijafa, imezimia tu, na huamka baada ya wiki kadhaa. Ndiyo maana mwenye EF ya 35 au chini yake hawekewi mara moja kifaa cha kushtua moyo kifuani: hungojwa angalau siku 40, au miezi 3 kama mshipa ulizibuliwa, kisha eko inarudiwa. Kwa hiyo juu kabisa ya ripoti, kabla ya namba yoyote, andika tarehe ya mshtuko.