Yai la Asubuhi: Dakika za Dar Si Dakika za Nairobi

ZUHURA: Karibuni mezani. Leo ni yai la asubuhi, na mezani tuko wawili: mimi Zuhura nikiwa Dar es Salaam, na kaka Baraka yuko Nairobi.

BARAKA: Asante dada. Tukubaliane kabisa kabla hatujawasha jiko: chipsi mayai haimo.

ZUHURA: Zege, kama tunavyoiita chipsi mayai huku Dar, tumeliweka pembeni. Atakayelila saa moja asubuhi hatumzuii, ila lile lina wakati wake jioni. Tuanze na yai la kuchemsha, kwa sababu kila mtu anadhani analijua.

BARAKA: Na hapo ndipo Dar na Nairobi zinapoachana. Kwenu pwani maji yanachemka nyuzi 100. Huku tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mapovu ni yale yale, mvuke ule ule, lakini joto limepungua. Mtu akizibeba dakika za Dar akaja nazo huku, anamenya yai anakuta kiini bado kinatiririka, halafu anamlaumu mwenye duka.

ZUHURA: Basi nitaje zangu. Yai la kisasa la kawaida, gramu 55 hadi 60, halijatoka kwenye friji. Maji yawe yanatokota kabla yai halijaingia, na lishushwe kwa kijiko, lisidondoshwe. Dakika 7, ute umeshika na kiini ni kizito kama asali. Dakika 9, pembeni kimekauka, katikati kinang'aa. Dakika 11, kimeiva chote. La kienyeji ni dogo, punguza dakika moja. Likitoka kwenye friji, ongeza moja.

BARAKA: Kwa Nairobi ongeza dakika moja kwenye kiini laini, na mbili ukitaka kilichoiva chote. Mbeya mko kimo kinachokaribia chetu, kwa hiyo hesabu ni hiyo hiyo. Arusha, mita 1,400 hivi, dakika moja inatosha.

ZUHURA: Yakishaingia, punguza moto. Maji yachemke polepole. Mayai yakirushwarushwa ndani ya sufuria yanagongana, ganda linapata ufa, ute unatoka kama uzi mweupe na sufuria inajaa povu.

BARAKA: Kuna wanaoanza na maji ya baridi.

ZUHURA: Yai litaiva, lakini kulimenya ni adhabu. Ndani ya ganda kuna ngozi nyembamba. Ute ukipashwa moto taratibu unaigandamia ile ngozi. Ukikutana na joto la ghafla unashika haraka na kujikusanya kabla haujanata. Halafu lipo suala la umri wa yai. Yai lililotagwa jana halimenyeki vizuri, hata ulifanyie nini. Ute wake bado una hewa ukaa nyingi. Hewa hiyo inatoka kidogo kidogo kupitia vitundu vya ganda, na ute unaacha kung'ang'ania ngozi. Ukinunua trei, mayai ya kuchemsha yaache yakae wiki. Mabichi zaidi yaende kwenye kikaango, maana ute wake hautawanyiki.

BARAKA: Ambaye hajui yai lina umri gani aliweke kwenye bakuli la maji. Likilala chini, ni bichi. Likisimama wima lakini liko chini, limekaa kidogo, hilo ndilo la kuchemsha. Likielea, lipasulie kwenye kikombe peke yake ulinuse. Kwa kweli kila yai lianze kwenye kikombe. Yai viza moja likiingia kwenye bakuli lenye matano mazuri, yote sita yanaenda jalalani.

ZUHURA: Na yenye uchafu yasioshwe ndipo yawekwe. Ganda lina utando wa kulikinga, ukiuosha umeufungulia mlango uchafu. Osha ukiwa unakwenda kupika.

BARAKA: Turudi kwenye sufuria. Dakika zimetimia. Yahamishie kwenye maji ya baridi sana, yakae dakika 5, ukiyabadilisha maji yakipata joto. Asiyefanya hivyo anapata ile duara ya kijani kuzunguka kiini. Wengi wanadhani ni sumu au yai limeoza. Ni madini ya chuma ya kwenye kiini yamekutana na salfa ya kwenye ute, kwa sababu joto lilikaa muda mrefu mno. Halidhuru, ila harufu inakuwa nzito na kiini kinakuwa unga.

ZUHURA: Menya ukianzia upande mpana. Kule kuna nafasi ya hewa, kidole kinaingia chini ya ngozi bila kuchubua ute.

BARAKA: Sasa likishamenywa, Nairobi halibaki hivyo. Linakuwa mayai pasua. Ile ya pembeni ya barabara, ndoo ya mayai na kopo la kachumbari. Yai lililoiva chote linapasuliwa kwa urefu, kisu kinafika kwenye kiini na kusimama hapo. Lisitengane. Unalifungua kama kitabu, unajaza kijiko cha kachumbari, chumvi, pilipili, unalifunga kwa kidole gumba.

ZUHURA: Na kachumbari ikiwa na maji mengi?

BARAKA: Inatiririka hadi kwenye kiwiko. Kwa mayai 4, nyanya moja ngumu, toa mbegu na maji yake, ibaki nyama tu, ikatwe vipande vidogo kuliko punje ya mahindi. Kitunguu nusu, kata vyembamba, fikicha na kijiko kidogo cha chumvi, kisha suuza na kukamua. Ukali unaondoka. Dania kidogo...

ZUHURA: Giligilani.

BARAKA: Giligilani kwenu, dania kwetu, na Zanzibar wataita kotimiri, jani ni moja. Ndimu ikamuliwe mwisho kabisa. Ukiikamua mapema na chumvi imo, nyanya inatoa maji yote.

ZUHURA: Maji ya nyanya ndiyo yananileta kwenye yai la kukaanga na nyanya na kitunguu. Hili linapikwa karibu kila nyumba, na karibu kila nyumba linaharibika kwa namna moja. Nyanya inatupwa, dakika moja, mayai yanafuata. Matokeo ni supu ya pinki yenye mabonge.

BARAKA: Halafu mtu anaongeza moto ili maji yakauke.

ZUHURA: Na ndiyo anamaliza kazi ya kuliharibu. Ute unaanza kushika kwenye nyuzi 60 na kitu. Ukizidisha joto, yai linajikaza kama kitambaa kinachokamuliwa, linatema maji yake lenyewe. Sasa una maji ya nyanya na maji ya yai, na katikati vipande kama raba.

BARAKA: Hatua kwa hatua basi.

ZUHURA: Mayai 3, kitunguu nusu, nyanya moja kubwa, kijiko kimoja kikubwa cha mafuta. Kitunguu moto wa wastani, dakika 3, kilainike kisiwe cha kahawia. Hoho kama unayo, iingie hapa. Nyanya iliyokatwa ndogo inafuata, na sasa vumilia dakika 4 au 5. Usiangalie saa, angalia mafuta. Mwanzo kikaango kinanong'ona, kina povu, ni maji yanaondoka. Kisha sauti inabadilika, inakuwa kali ya kukaanga, ukivuta mwiko katikati unaacha njia na mafuta yanajitenga pembeni. Hapo punguza moto kabisa. Mayai uliyokwisha kuyapiga na chumvi yaingie. Hesabu mpaka kumi bila kugusa, kisha sukuma kutoka pembeni kwenda katikati, polepole. Yakiwa bado yanang'aa kidogo juu, epua. Kikaango chenyewe kitamalizia.

BARAKA: Maziwa?

ZUHURA: Kijiko kikubwa kimoja kwa mayai matatu, si zaidi. Na kwenye yai la nyanya usiweke kabisa, tumetoka kupigana na maji. Jingine: huku kwa moto mdogo mtu anaweza kuliacha bichi. Kwa mama mjamzito, mtoto mdogo na mzee, liive kabisa, na kiini cha kutiririka wasipewe, kwa sababu ya bakteria wa Salmonella.

BARAKA: Jiko la mkaa halina kitufe cha kupunguza moto, lazima tuseme hilo.

ZUHURA: Unainua kikaango. Inua, koroga, rudisha. Au funika makaa kwa majivu kabla ya mayai kuingia.

BARAKA: Twende Kampala. Rolex, yaani mayai yaliyoviringishwa pamoja na chapati. Saa haihusiki, jina limetokana na maneno ya Kiingereza ya mayai yaliyoviringishwa, na Wandegeya, jirani na Chuo Kikuu cha Makerere, ndiko wanafunzi walikoipa umaarufu. Mayai 2 yanapigwa ndani ya kikombe cha plastiki pamoja na kitunguu, nyanya, kabichi na chumvi. Kabichi ikatwe nyembamba kama nyuzi, kiganja kimoja tu. Vipande vinene haviivi kwa dakika mbili na vinatoboa yai ukiviringisha.

ZUHURA: Hapa nyanya haipikwi kwanza?

BARAKA: Haipikwi, ndiyo maana ni kidogo, kijiko kimoja. Nyingine inakatwa vipande vya duara, inawekwa mbichi mwishoni. Kikaango kipana, bapa, mafuta kiasi, moto wa wastani. Mimina, tandaza mpaka yai lienee kama chapati yenyewe. Sasa sekunde ndizo zinazoamua. Chini limeshika, juu bado lina maji maji: chapati inalazwa juu yake hapo hapo, unaigandamiza kwa kiganja au kwa mwiko. Ule ubichi wa juu ndio gundi. Ukichelewa mpaka juu pakauke, chapati inateleza, unaviringisha vitu viwili visivyojuana. Pindua, chapati ipate joto dakika moja, toa, nyanya na chumvi, viringisha.

ZUHURA: Chapati ya jana?

BARAKA: Inafaa, ila ipashwe kwanza. Ya baridi inapasuka kwenye mkunjo.

ZUHURA: Mkate wa jana nao una kazi yake. Mayai 2, maziwa robo kikombe, iliki ya kusaga, sukari kijiko kidogo. Chovya slesi nne, kila upande sekunde kumi na tano, kaanga kwa moto mdogo. Mkate wa leo usiuguse, unalowa na kukatika mkononi.

BARAKA: Tunamalizia na jambo linaloulizwa kuliko mapishi yenyewe: kikaango kilichogandiwa na yai kinaoshwaje.

ZUHURA: Kwa maji ya baridi. Kiloweke dakika kumi ndipo usugue. Ukikimbilia maji ya moto, yale mabaki ya ute unayapika upya, yanashika zaidi.