Uzuri ni wa altare, unyenyekevu ni wa padre: niliyoyasema ukumbini, Mtwara

Tumsifu Yesu Kristo! (Milele, amina.)

Asanteni. Baba Paroko, shikamoo, masista, wazee wangu wa halmashauri ya walei, mama zangu wa WAWATA, umoja wetu wa wanawake Wakatoliki, na nyie watoto watumishi wa altareni mliojazana huku mbele, karibuni sana. Nimeombwa niongee kuhusu mavazi ya ibada kwa sababu nayashona, na mnajua kwenye kikao kilichopita ubishi ulikuwa mkali, wengine wakasema kanisa letu limezidi mapambo wakati watu wana njaa, wengine wakasema tukiendelea hivi tutakuja kumvalisha Mungu matambara. Mimi msimamo wangu nausema mapema kabisa ili mjue naelekea wapi: uzuri ni wa altare, unyenyekevu ni wa mtu anayeiendea altare, na shida yetu inaanza pale hivi viwili vinapobadilishana nafasi.

Kwanza tuelewane haya mavazi yametoka wapi, maana kuna watu wanadhani yalishuka na malaika. Hapana. Alba, ile kanzu nyeupe ya padre, ilikuwa kanzu ya kawaida ya ndani ya Warumi, na kasula, lile vazi pana la juu analosalia Misa, ilikuwa joho la kujifunika safarini, joho la mvua na vumbi, alilivaa mtu yeyote. Mitindo ya watu ikabadilika, wanaume wakaanza kuvaa nguo fupi, mapadre wao wakabaki na zile za zamani altareni, na karne zilivyozidi kwenda zikawa nguo za pekee. Mwaka 428 Papa Selestini wa Kwanza aliwaandikia maaskofu wa kusini mwa Ufaransa, huko kulikuwa na maaskofu waliotoka umonaki wakaanza kujitofautisha kwa majoho na mikanda, akawaambia tutofautiane na watu kwa mafundisho si kwa mavazi, kwa mwenendo si kwa nguo, kwa usafi wa moyo si kwa mapambo. Mwaka 428 jamani! Huu ubishi wetu una umri.

Sasa kuna anayesema basi, kama ni hivyo tuache yote padre asalishe na shati. Nasema ngoja. Kwenye kitabu cha Kutoka, sura ya 28, Mungu mwenyewe anamwambia Musa amshonee Haruni mavazi matakatifu "kwa utukufu na kwa uzuri", na anataja mpaka nyuzi, dhahabu, buluu, zambarau, nyekundu na kitani safi. Mungu anayejali rangi ya uzi hawezi kuwa adui wa uzuri. Na kule Bethania Mariamu alimpaka Yesu miguuni marhamu ya thamani ya dinari mia tatu, aliyelalamika kwamba ingeuzwa wapewe maskini alikuwa Yuda, na Yohana anatuambia wazi hakusema hivyo kwa kuwahurumia maskini.

Lakini iangalieni ile habari vizuri, mimi huwa nairudia sana moyoni. Mariamu alitoa cha kwake mwenyewe, hakuna aliyempangia kiwango. Na marhamu yale alimwagiwa Kristo, hakumwagiwa Petro. Hayo mawili mkiyashika mmeshaelewa karibu yote ninayotaka kusema leo.

Karne ya 12 kule Ufaransa ubishi huu uliwashika watu wakubwa. Abate Suger, mkuu wa monasteri ya Saint-Denis, alijenga kanisa lake kwa dhahabu na vito na vioo vya rangi, hoja yake ilikuwa kwamba kama Agano la Kale vyombo vya dhahabu vilipokea damu ya wanyama, je Damu ya Kristo? Miaka hiyohiyo mmonaki Bernardo wa Clairvaux anaandika kwa uchungu kwamba Kanisa linayavika mawe yake dhahabu na kuwaacha watoto wake uchi. Ukimsoma Suger unamkubali, ukimsoma Bernardo unanyamaza. Na zamani zaidi, mhubiri Yohane Krisostomo aliwaambia waumini wake msimheshimu Kristo humu kanisani kwa hariri wakati pale nje mnamwacha anakufa kwa baridi na uchi. Hakusema hariri itupwe. Anasema anza na mwenye njaa, ndipo upambe meza.

Mtu ambaye mimi nampenda kuliko wote kwenye jambo hili ni Yohane Maria Vianney, paroko wa Ars kule Ufaransa, mtakatifu msimamizi wa maparoko. Alifika Ars mwaka 1818, kijiji kidogo cha wakulima ambacho ukikisoma unaona kabisa kigango cha huku kwetu Newala au Nachingwea. Huyu padre kanzu yake ilikuwa imechakaa imejaa viraka, anakula viazi vya kuchemsha, godoro lake aligawa. Alafu huyohuyo, ikifika habari ya altare, anakwenda Lyon mjini kutafuta kasula nzuri kuliko zote anazoweza kupata, mpaka wenye maduka wanashangaa, padre huyu mchakavu anachagua vitambaa vya bei hivi! Alikuwa anasema kanzu kuukuu inaendana vizuri na kasula nzuri. Hapo ndipo penyewe. Wengi wetu siku hizi tumegeuza, kanzu ya kutembelea mjini imepigwa pasi imewekwa vifungo vya rangi na saa ya gharama mkononi, alafu ukiingia sakristia, chumba cha kutunzia vitu vya ibada, unakuta kitambaa cha kufutia kalisi, kile kikombe cha Misa, kimetoboka.

Na Fransisko wa Asizi ni hivyohivyo. Watu wanamtaja Fransisko kama sababu ya kufanya ibada ovyoovyo, wanamwonea. Mwenyewe alivaa gunia kama nguo, lakini kwenye barua zake anawasihi viongozi wa shirika lake kwamba kalisi, korporali (kitambaa kinachotandikwa altareni) na mapambo ya altare viwe vya thamani. Na Krismasi ya Greccio mwaka 1223 alivaa mavazi ya shemasi akaimba Injili. Wenzetu wa Jimbo la Lindi wana askofu Mkapuchini, yaani wa tawi la Wafransisko, Mhashamu Wolfgang Pisa, vazi la shirika lake ni kanzu ya kahawia na kamba kiunoni, lakini kwenye Misa anavaa kasula na mitra, kofia ya kiaskofu, kama askofu mwingine yeyote, na hakuna mgongano hapo hata kidogo.

Turudi nyumbani kidogo. Sisi wa huku imani tumeletewa na Wabenediktini, Lukuledi 1895, Nyangao mwaka uliofuata, vita vya Majimaji vikazichoma 1905, mwaka huohuo Askofu Cassian Spiss akauawa njiani kule Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili, na mwaka 1906 wakaanza upya pale Ndanda. Kanuni wanayoishi, ya Mtakatifu Benedikto, ina sura mbili nazipenda. Sura ya 55 inasema mmonaki asisumbuke na rangi ya nguo wala ukali wa kitambaa, avae kinachopatikana sehemu anayoishi na kwa bei nafuu, na nguo ya zamani wapewe maskini. Sura ya 31 inasema mtunza mali avitazame vyombo vyote vya monasteri kama vyombo vitakatifu vya altare. Jembe! Sufuria! Yaani huyu mzee wa karne ya 6 anashusha thamani ya nguo ya mmonaki na kupandisha thamani ya jembe mpaka altareni.

(Hapa kijana mmoja wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, aliuliza: "Sasa mama, mbona Papa Fransisko alikataa ile mozetta nyekundu, kile kijoho kifupi cha mabegani, na Papa Leo akaivaa, nani yuko sahihi?")

Swali zuri, na nilijua litakuja. Tarehe 13 Machi 2013 Papa Fransisko alitoka na kanzu nyeupe tu, stola, ule ukanda wa shingoni, akavaa wakati wa baraka alafu akaivua. Tarehe 8 Mei 2025 Papa Leo wa 14 akatoka na mozetta nyekundu na stola, na dakika hiyohiyo kwenye simu watu wakaanza, ooh huyu wa makuu, wengine ooh hatimaye tumepata Papa wa kweli. Mwanangu, mozetta siyo vazi la Misa, ni vazi la cheo, kuivaa au kuiacha hakuongezi wala kupunguza sakramenti yoyote. Yule aliyeivaa amefanya kazi miaka mingi Peru kama mmisionari na baadaye askofu wa Chiclayo. Yule asiyeivaa akaishi Santa Marta, nyumba ya wageni ya Vatikano, na akazikwa kwenye jeneza la mbao, kaburi limeandikwa jina lake peke yake. Mimi nawapenda wote wawili, na nadhani tunakosea tukifanya vazi kuwa bendera ya kambi. Mtu anaweza kujivunia lesi, na mtu anaweza kujivunia vilevile kwamba yeye havai lesi.

Kanisa lenyewe limeshasema, na limesema wazi. Mtaguso wa pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, hati yake ya liturujia ya mwaka 1963 namba 124, inataka maaskofu watafute uzuri wenye hadhi kuliko fahari tupu, na inasema hilo linahusu pia mavazi. Maelekezo ya Misale ya Kirumi, kitabu cha Misa, yanasema uzuri wa vazi utoke kwenye kitambaa na umbo, siyo kwenye wingi wa marembo yaliyobandikwa. Hiyo ni lugha ya fundi kabisa, aliyeandika ile alijua kitambaa! Mwaka uliofuata ile hati ya Mtaguso, Papa Paulo wa Sita akaiweka taji yake ya kipapa juu ya altare ya Mt. Petro, tarehe 13 Novemba 1964, kwa ajili ya maskini, na taji hilo alikuwa amepewa zawadi na watu wa Milano. Tarehe 16 Novemba 1965 maaskofu kama arobaini wakakutana kwenye katakombe za Domitila Roma, makaburi ya kale ya chini ya ardhi, wakaweka ahadi ya kuachana na nguo za kitajiri na alama za madini ya thamani. Na 1969 ikatoka barua ya kupunguza makolokolo mengi ya mavazi ya makardinali na maaskofu.

Sasa niongee kama fundi, hapa mnivumilie. Kasula nyingi zinazoletwa kwetu ni poliesta nzito, ina bitana, ina dhahabu ya bandia kifuani na mgongoni. Mvalishe padre hiyo Misa ya saa nne mwezi wa Desemba hapa Mtwara, chini kuna alba, chini ya alba kuna kanzu au shati, jasho linamtoka mpaka anasoma Injili anahema. Na hewa yetu ya bahari ina chumvi, ule uzi wa dhahabu baada ya muda unapiga weusi, mnaanza tena kuchangishana. Pamba safi iliyokatwa pana, ikaanguka vizuri kutoka mabegani hadi chini ya magoti, na msalaba mmoja uliotariziwa kwa mkono, inapendeza kuliko hiyo na inadumu. Na Kanisa linaruhusu vitambaa vya asili vya kila mahali ili mradi viendane na hadhi ya ibada, kwa hiyo hatujafungwa na katalogi za Ulaya.

Alafu vile vitambaa vidogo ambavyo hakuna anayeviona. Korporali, kile kinachotandikwa chini ya kalisi na patena, kisahani cha hostia, ndicho kinachopokea chembe za Mwili wa Kristo. Purifikatori ndiyo inayofuta Damu yake. Mimi nikiitwa parokia yoyote kupima kasula, naomba kwanza nioneshwe hivyo, na mara nyingi navikuta vimekuwa vya njano, vimechanika pembeni, vingine ni poliesta isiyonyonya kitu. Lini, yaani kitani, nzuri mita chache inatosha parokia nzima. Hakuna anayechangisha kwa ajili ya purifikatori kwa sababu haitapigwa picha.

Na hapa kwenye kuchangisha ndipo moyo wangu unauma. Kuna kigango, sikitaji, kila kaya ilipangiwa mchango wa kasula ya jubilei, ilikuwa miezi ya masika, pesa ya korosho ilishaisha tangu zamani na mnada mwingine ni mpaka Oktoba, na waliochelewa majina yao yalisomwa mbele ya kanisa. Yalisomwa baada ya komunyo! Nendeni nyumbani msome Marko 12 kuanzia mstari wa 38, Yesu anasema jihadharini na waandishi wanaopenda kutembea wamevaa mavazi marefu, na pumzi hiyohiyo, kabla hajamaliza kusema, anataja nyumba za wajane zinazoliwa. Mavazi na wajane amevitaja pamoja. Na habari inayofuata ni ya yule mjane na senti zake mbili. Kasula iliyonunuliwa hivyo hata ingekuwa ya hariri tupu, mimi nisingependa kuishona.

Baba Paroko simsemi yeye, anajua, na nyie mnajua anavyoishi.

Kwa hiyo ninachopendekeza kwa halmashauri, naomba katibu uandike. Kabla ya mchango wowote wa mavazi, masista na mama wa sakristia wafungue kabati wahesabu kilichopo, cha kushonewa kishonewe, kisichofaa kichomwe kwa heshima. Fedha ya kwanza iende kwenye lini ya korporali na purifikatori, ya pili kwenye kasula ya zambarau maana ndiyo tunayoiona imepauka kila Kwaresima, na kasula ya dhahabu isubiri. Mchango wa vazi uwe wa hiari, bila orodha na bila majina kusomwa. Na kila tunaponunua vazi, kiasi kama hicho kiende kwa mfuko wa wagonjwa, Caritas yetu ya parokia, kitengo cha huduma kwa wahitaji, inawajua wanaokosa nauli ya kwenda Ndanda hospitali. Mimi ufundi wangu wa zile lini natoa bure.

Kwa watoto watumishi, Jumamosi saa tisa njooni sakristia niwafundishe kukunja korporali, inakunjwa sehemu tatu kwa ndani huku na sehemu tatu huku, isikung'utwe kabisa. Haya, nimemaliza, mama pale nyuma umenyoosha mkono muda, karibu uulize.