Bawa Halipigi Kelele

Ndugu Mwenyekiti, wakufunzi wenzangu, na nyinyi marubani wa paramota, mnaoruka kwa bawa la kitambaa na injini mgongoni, mlioacha hewa tulivu ya asubuhi mkaja kukaa ndani kunisikiliza, asanteni. Najua saa hii mngependa kuwa angani. Sitawaweka sana.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Nilikuwa na bawa nililolipenda, lenye saa kama 200 za kuruka. Likaanza kuwa zito kupanda. Nikikimbia linanyanyuka hadi nusu, kisha linajivuta nyuma yangu kama mtoto asiyetaka kwenda shule. Nikalaumu upepo, nikalaumu magoti, mwisho nikaigeukia injini. Nilibadilisha plagi, nikafungua kabureta na kuisafisha. Injini ilikuwa nzima. Jioni moja nakuja kutua, nimevuta breki, zile kamba za mkononi zinazoshusha ukingo wa nyuma wa bawa, kiasi kile kile ninachovuta siku zote, mara mvumo wa upepo masikioni ukakatika. Kimya. Halafu nikashuka kama ndoo iliyokatika kamba. Bahati yangu ardhi ilikuwa mita tatu tu chini, nikatoka na kifundo cha mguu kilichovimba. Nilipotazama juu, bawa lilikuwa limejaa hewa vizuri. Ungelipiga picha ungesema halina kasoro.

Fundi alipozipima kamba, zile za nyuma zilikuwa zimefupika karibu sentimita tatu zikilinganishwa na za mbele. Sentimita tatu tu, kwenye kamba zenye urefu wa mita saba hivi.

Injini ya paramota ikiugua, inasema. Inakohoa, inatetemeka, inavuja mafuta, na sisi tunaikimbilia na spana. Bawa haliongei. Kwa hiyo rubani anaijua injini yake hadi skrubu ya mwisho, lakini bawa analitoa kwenye mfuko, analitandaza, anaruka, analirudisha mfukoni.

Kumbukeni kile tunachoning'inia chini yake. Katika miaka ya 1960 Domina Jalbert alibuni bawa lisilo na mfupa hata mmoja: vitambaa viwili, cha juu na cha chini, vyumba katikati, na midomo wazi mbele ili hewa yenyewe iingie na kulivimbisha. Mwaka 1978, huko Mieussy nchini Ufaransa, waruka parachuti walianza kukimbia mlimani na mabawa ya aina hiyo badala ya kuruka kutoka kwenye ndege. Sisi tukaongeza injini mgongoni. Lakini umbo la bawa hadi leo linashikiliwa na hewa na urefu wa kamba, basi. Ukibadilika urefu wa kamba, umbo limebadilika, na unaruka bawa ambalo mtengenezaji hakulitengeneza wala hakulijaribu.

Wengi wanaogopa kamba kukatika. Mimi siogopi sana. Kiwango cha Ulaya cha EN 926 kinadai bawa libebe mara 8 ya uzito wake wa juu kabisa kabla ya kupitishwa. Kinachonitia wasiwasi ni hizo milimita. Kamba za Dyneema, aina ya nyuzi za sintetiki, zina nguvu ajabu, ila hufupika zikilowa na kukauka, zikipata joto, au zikikaa bila kuvutwa. Zile za mbele hubeba sehemu kubwa ya uzito, kwa hiyo kila safari huzivuta zikarudi kwenye urefu wake. Za nyuma hazibebi kitu cha maana, zinafupika tu na hakuna wa kuzivuta. Matokeo yake ukingo wa nyuma unashuka na pua ya bawa inaelekea juu. Ni sawa na kuruka huku mtu amekushikia breki bila wewe kujua. Ukiongeza na breki zako mwenyewe, bawa linaacha kuruka mbele na kuanza kushuka wima, huku limejaa hewa. Kamba za aramidi, aina nyingine ya nyuzi za sintetiki, hazifupiki kiasi hicho, lakini hazipendi jua wala kukunjwa mahali pamoja mara kwa mara.

Dawa si ngumu. Kwenye vile vikuku vidogo vya chuma vinavyounganisha kamba na mikanda ya rubani, fundi hulegeza au kuongeza mzunguko wa kamba hadi vipimo virudi kwenye jedwali la mtengenezaji. Nasema fundi. Naomba msijaribu nyumbani kwa futi kamba ya fundi cherehani, kwa sababu kamba hupimwa ikiwa imevutwa kwa uzito maalumu. Watengenezaji wengi wanataka ukaguzi kila saa 100 au kila baada ya mwaka mmoja au miwili, chochote kitakachotangulia. Msichague kinachowafurahisha.

Na kabla ya fundi, kuna uwanja. Bila injini mgongoni, siku yenye upepo mwepesi, inua bawa lako na uligeukie, ulitazame usoni. Je, linapanda moja kwa moja hadi juu ya kichwa, au linakwama nyuma? Upande mmoja unatangulia mwenzake? Ukiachia breki kabisa, zile kamba za breki zina ulegevu kidogo, au tayari zinavuta ukingo wa nyuma? Nusu saa ya hivyo kila wiki ingeniokolea kifundo changu.

Kitambaa nacho huzeeka. Ni nailoni iliyopakwa utando unaozuia hewa isipenye, na adui wake wa kwanza ni jua. Bawa lililotandazwa uwanjani kwa muda wa saa tatu huku wenye nalo wanapiga soga limezeeka bure. Fundi ana kipimo kinachopitisha robo lita ya hewa katika kitambaa na kuhesabu sekunde: kipya huchukua dakika kadhaa, kilichochoka sekunde chache tu. Halafu joto. Buti ya gari lililoegeshwa juani ni tanuri, na ukiweka humo na dumu la petroli, mvuke wake unafanya iliyobaki. Maji ya bahari ni mabaya kwa sababu chumvi ikikauka huacha chembe zinazokwaruza utando, basi lisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, bila sabuni, likauke kivulini. Mchanga ukungʼute kutoka kwenye vyumba, maana hukusanyika ukingo wa nyuma. Na tafadhali, kabla ya kukunja angalia kama hujamfungia panzi ndani. Nimewahi kuletewa bawa lenye matundu saba ya duara, na panzi mwenyewe kwenye kona, amekufa ameshiba.

Tundu dogo katikati ya kitambaa, mbali na mshono, unaliziba kwa ile tepu ya nailoni yenye gundi, upande wa nje na wa ndani. Likigusa mshono au mahali kamba inapofungwa, hiyo ni kazi ya karakana.

Sasa tuingie angani, kwa haraka zaidi, maana hayo mengine mlifundishwa. Bawa lina kiwango chake cha uzito, na uzito huo ni wewe, injini, mafuta, kofia na viatu, si wewe ulivyopima bafuni. Mabawa mengi ya paramota siku hizi ni ya refleksi, yaani mkia wake, ule ukingo wa nyuma, unaweza kupinda juu kidogo. Ukizifungua trima, vile vibano vya kwenye mikanda vya kurekebisha mwendo, uzito unahamia kamba za mbele, mkia unainuka kidogo, bawa linakwenda kasi na kuwa gumu kukunjika. Hapo ndipo watu hukosea: wanavuta breki kuu wakiwa kwenye mwendo huo. Mkia unashuka, ule ugumu unapotea, na pua inaweza kujikunja ukiwa kasi. Ukiwa umefungua trima, geuza kwa vishikio vya ncha za bawa.

Likitokea la kutokea, punguza injini na inua mikono. Nimeona marubani wengi wakizidisha ubaya kwa kung'ang'ania breki kuliko kwa kuziachia. Injini yenyewe usiikate ghafla ukiwa umeifungulia yote unapopanda, kwa sababu bawa litakuruka kichwa na kuchupa mbele.

Rafadha, au pangaboi kama wengi tunavyoiita, ndiyo inayotupeleka hospitali mara nyingi, na mara nyingi tukiwa bado ardhini, mkono unawasha injini huku kidole kingine kimebonyeza mafuta bila kukusudia. Kamba ikiingia kwenye wavu unaoizunguka rafadha wakati wa kukimbia, zima kwanza, jadili baadaye. Juu ya maji, usiende mahali ambapo injini ikizima huwezi kuelea hadi nchi kavu, kwa sababu injini mgongoni ni nanga.

Hali ya hewa ni mhadhara mwingine, nitataja jambo moja tu. Mwaka 2007, huko Manilla nchini Australia, Ewa Wiśnierska, rubani wa bawa lisilo na injini, alivutwa na wingu la radi hadi mita 9,946. Alizimia, akagandwa na barafu, akashuka hai. Alikuwa bingwa na bawa lake lilikuwa zima. Wingu la aina hiyo likionekana hata mbali kwenye upeo wa macho, upepo wake unaweza kukufikia kabla ya mvua yake. Kunja.

Nimemaliza ya ndani. Hapo nje nimetandaza mabawa mawili yanayofanana. Moja ni zima. La pili nimemwomba fundi alivuruge kwa makusudi: kamba moja imerudishwa mahali pasipo pake, na kuna tundu ambalo halijazibwa. Hakuna atakayeruka nalo, msiogope. Gawanyikeni watu watatu watatu, na msiniulize mimi ni lipi.