Robo ya Kila Mimba

Shikamooni wazee, na ninyi vijana wa kidato cha nne hamjambo. Mada ni urithi wa jeni. Njegere za Mendel tuziache, mmeshazikariri kama sala. Leo ni selimundu, ule ugonjwa ambao mtaani tunauita siko seli.

Mnaujua mundu wa kuvunia mpunga? Chembe nyekundu ya damu ni laini, ya duara, imebonyea katikati, na hujikunja ikapenya mishipa myembamba. Ya mgonjwa ikipungukiwa oksijeni hukakamaa na kupinda kama mundu huo. Zikikwama kwenye mishipa, ndipo mtoto analia mifupa usiku kucha. Tena hazidumu: chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, hizi hufa baada ya siku 10 hadi 20, ndiyo maana damu haimtoshi.

Kosa lenyewe ni dogo. Himoglobini ni protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe hizo, na mnyororo wake wa beta una asidi amino 146, yaani vipande vilivyoungana kama shanga. Hapa ya sita tu ndiyo imebadilika, glutamiki ikawa valini. Andika "baba amefika", kisha ukosee herufi moja: bata amefika!

Sasa ile robo. Kila mtu ana jeni mbili za mnyororo huu, moja ya baba na moja ya mama: A ni nzima, S ni ya selimundu, na mwenye SS ndiye mgonjwa. Baba AS, mama AS, wote wazima wa afya. Jedwali la kuoanisha jeni zao linatoa AA moja, AS mbili, SS moja. Na mwanafunzi anaandika: "Kati ya watoto wanne, mmoja ataumwa." Jibu hili nimelisahihisha mpaka wino ukaniishia. Robo ni ya kila mimba! Rusha sarafu mbili ukitaka vichwa viwili. Ukivipata mara ya kwanza, mara ya pili bado ni robo ileile. Nyumba moja inaweza kupata wagonjwa watatu mfululizo, nyingine isipate hata mmoja. Na mnaomnyooshea mama kidole, SS haipatikani bila S ya baba.

Mtauliza, mbona jeni hii haijatoweka? Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu huko. Aliwakuta AS wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, nyanda za juu wachache mno. Palipo na mbu ndipo palipo na S. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba AS humkinga mtoto na malaria. Kuumwa anaumwa, ila ni nadra malaria imzidie. (Kwa hiyo neti msizitupe.) Malaria iliua AA wengi, selimundu ikaua SS, AS wakabaki kuzaa. Uteuzi asilia ndio huo, na umefanyika kwenye damu za bibi zetu.

Haya, nani anakuja ubaoni? Baba AS, mama AA. Na nisione SS hata moja.