Nani Anakaa Wapi Kanisani: Watakatifu Weusi na Sisi Tuliotoka Afrika

Tumsifu Yesu Kristo. Asanteni. Baba Paroko, masista, wazee wetu, kina mama, wanakwaya, na nyie vijana mliosimama mlangoni ingieni bwana, viti vipo. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu na Burundi nawaona leo mmekuja wengi, karibuni sana.

Nimeombwa niongee kuhusu watakatifu Weusi kwa sababu ni Novemba, na hapa Marekani tangu 1990 Novemba ndo mwezi wa historia ya Wakatoliki Weusi. Najua wengine mmeshanisikia nikisema hili mpaka mmechoka, nimelisema kwenye jumuiya, nimelisema mwaka jana hapa hapa, hata kwenye msiba mmoja nililisema mkaninong'onezea nikae. Leo nalisema tena kwa sababu bado hatujalifanya. Siku tukilifanya nitanyamaza, mtaniona nimekaa zangu kimya nakula maandazi.

Jambo lenyewe ni hili, tukae benchi moja. Pale ukutani kuna picha tatu, Yosefina Bakhita wa Sudan aliyewahi kuwa mtumwa, Martini wa Porres wa Peru, na Karoli Lwanga wa Uganda na wenzake. Siku tulipozibariki tulipiga vigelegele mpaka koo zikakauka, vitenge vilikuwa kila mahali, picha zikatumwa kwenye magrupu yote ya WhatsApp mpaka Moshi na Machakos. Vizuri sana. Alafu Dominika iliyofuata kila mtu akarudi kukaa pale pale alipokuwa anakaa. Wazungu katikati, Walatino na misa yao ya saa saba, sisi na yetu ya Kiswahili mara moja kwa mwezi, na wale Wamarekani Weusi, familia sita au saba hivi, upande wa kushoto karibu na sanamu ya Bikira Maria. Sasa huyo Bakhita akituangalia kutoka pale ukutani anaona nini? Mi naona tunapakana mafuta kwa mgongo wa chupa, na nasema hivyo kwa mapenzi, sio kwa ubaya.

Ngoja niwaambie habari za Augustus Tolton. Najua, najua, nyie mnaocheka mmeshaisikia, lakini kuna watu hapa leo ni mara yao ya kwanza.

Huyu alizaliwa 1854 Missouri, mtumwa, na waliokuwa wanamiliki familia yake walikuwa Wakatoliki. Sikilizeni hapo kwanza. Wakatoliki wa kwenda misa na kubatiza watoto. Alipobatizwa, yule mama mwenye shamba ndiye aliyesimama kuwa mama yake wa ubatizo, yani mtu anakushika kichwa chako juu ya maji, anaahidi mbele ya Mungu kukulea katika imani, alafu mkitoka nje ya mlango wa kanisa wewe ni mali yake kama ng'ombe. Hii kitu mi nikiifikiria usiku silali.

Mwaka 1862 vita vya Kaskazini na Kusini hapa Marekani vimepamba moto, baba yake ameshatoroka kwenda upande wa jeshi la Kaskazini na huko akafa. Mama yake, Martha Jane, akachukua watoto watatu, Augustus ana miaka minane, wakatembea mpaka mto Mississippi, pale mji wa Hannibal nusura wakamatwe, wanajeshi wa Kaskazini wakawaokoa, wakapata mtumbwi na yule mama akapiga kasia mwenyewe na watoto wake wamelala chini ndani ya mtumbwi. Mmewahi kuuona huo mto? Sio mto wa kuvuka na ndoo kichwani. Wakafika upande wa Illinois, wakaenda mji unaitwa Quincy, na yule mtoto akaanza kazi kiwanda cha tumbaku akiwa bado mdogo hivyo hivyo.

Mama akampeleka shule ya parokia, wazazi wengine wakaja juu, mwezi mmoja tu akatolewa. Kisha padri mmoja Muairishi, Peter McGirr, akasema huyu mtoto atasoma kwangu, na akasoma. Mzungu yule alijua waumini wake watanuna, na walinuna kweli, na yeye hakurudi nyuma. Kwa hiyo mtu asitoke hapa anasema mi nimekuja kuwasema Wazungu. Tolton asingefika popote bila McGirr, na naomba hilo mlishike.

Alipotaka upadri hakuna seminari Marekani nzima iliyokubali kumpokea, hata moja. Ikabidi aende Roma 1880, akasoma miaka sita pale chuo cha Propaganda Fide, mahali walipokuwa wanaandaliwa wamisionari, na mwenyewe alitegemea akimaliza ataletwa Afrika. Kwetu! Huyu mtu alikuwa anajiandaa kuja kwetu, jamani.

Sasa shikeni mwaka 1886. Aprili 24, Jumamosi Kuu, Tolton anapewa upadri kwenye Basilika ya Mtakatifu Yohane Laterano. Kesho yake Pasaka anaadhimisha misa yake ya kwanza kwa Mtakatifu Petro. Hesabuni kutoka Pasaka mpaka Kupaa Bwana, mwaka ule iliangukia Juni 3. Na siku hiyo hiyo ya Kupaa, Namugongo, watu wa Kabaka Mwanga wanamchoma moto Karoli Lwanga na vijana wenzake, Kizito akiwa mtoto wa miaka kama kumi na minne. Pasaka moja hiyo hiyo! Huku Mweusi mmoja aliyezaliwa utumwani anainua hostia Roma, kule vijana Weusi wanaenda kuchomwa huku wanasali, na hakuna hata mmoja anayejua habari za mwenzake. Mi kila Juni 3 tukiimba nyimbo za Mashahidi wa Uganda namkumbuka na Tolton, siwezi kuwatenganisha tena.

Basi hakuletwa Afrika. Kardinali Simeoni, mkuu wa Propaganda Fide, akabadilisha, akasema kama Marekani haijawahi kumuona padri Mweusi basi sasa itamuona, wakamrudisha Quincy. (Mtu atasema walikuwepo mapadri wa familia moja, kina Healy, kabla yake, ndio, watoto wa baba Muairishi na mama mtumwa, lakini wale rangi yao iliwapitisha, wengi hawakujua. Tolton hakuwa na pa kujificha.)

Na hapa ndo ninapotaka tukae kidogo. Tolton akapewa kakanisa ka Weusi pale Quincy, na mahubiri yake yalikuwa matamu, alikuwa na sauti nzuri ya kuimba, Wazungu wakaanza kuja. Wakakaa benchi moja na Weusi, mwaka 1887 hivi, Marekani, bila semina, bila kamati ya upatanisho, bila kipeperushi. Walikuja tu wakakaa. Kile tunachokiombea sisi hapa kila Novemba kilikuwa kimeshatokea chenyewe! Na unajua ilikuwaje? Padri jirani akaona waumini wake na sadaka zao vinahamia kule, akapeleka malalamiko, Tolton akaambiwa ahudumie Weusi peke yao, Wazungu wasije. Hakuna aliyewakataza kutundika picha ya mtakatifu Mweusi. Walichoshindwa kukivumilia ni benchi. Baadaye mwenyewe akaomba kuondoka, 1889 akahamia Chicago, akawakuta Wakatoliki Weusi wanasali kwenye chumba cha chini cha kanisa la watu wengine, akawajengea la kwao, akaliita la Mtakatifu Monika, Mwafrika huyo, mama yake Agustino. Kanisa hata halikuisha. Julai 9, 1897, siku ya joto la kuua, akaanguka barabarani akirudi kutoka mafungo ya mapadri, akafa ana miaka 43. Papa Fransisko alishatambua 2019 kwamba aliishi fadhila kwa kiwango cha kishujaa, tunasubiri muujiza ili atangazwe mwenyeheri. Ombeni kwa maombezi yake, mnasubiri nini?

Habari za benchi hizi hazikuanza kwa Tolton. New Orleans, mtaa wa Tremé, kanisa la Mtakatifu Agustino lilipokuwa linajengwa 1841 na 1842, enzi zile benchi lilikuwa linanunuliwa, familia yako inalipia. Weusi waliokuwa huru wakaanza kununua, Wazungu wakasikia, nao wakaanza kununua kwa kushindana, na Weusi wakawashinda. Lakini kilichonifanya nitoe machozi ni kingine, wale Weusi huru wakanunua na mabenchi ya pembeni, kulia na kushoto, yote, wakawapa watumwa wakae. Mtu ana hela yake ya shida, angeweza kununua benchi zuri la mbele na kujitenga na mtumwa ili Mzungu asimchanganye nao. Hakufanya hivyo. Ni mji ule ule ambao mwaka huo huo wa 1842 Henriette Delille, mwanamke Mweusi huru, alianzisha shirika lake la masista, wakalea yatima na wazee na kufundisha watumwa wakati sheria ilikuwa inakataza.

Sasa sisi. Nasikia mtu huko nyuma anasema moyoni, sisi tumekuja juzi na viza, mambo ya utumwa wao wayamalize wenyewe. Ndugu yangu wa Pwani, utasemaje hivyo na Bagamoyo unaijua? Mapadri wa Roho Mtakatifu walipofika pale 1868 walianza na watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Soko la Zanzibar lilifungwa 1873, juzi tu. Waliouzwa kule na waliouzwa huku ni biashara moja ya nyama ya watu, njia tu zilitofautiana. Na mwingine anasema Kanisa halina rangi. Sawa, nakubali kabisa, sasa mbona mwaka 1838 Majesuiti wa Maryland waliuza watu 272, na sehemu ya hela ikaokoa chuo chao cha Georgetown? Wale 272 walikuwa na rangi gani? Funika kombe mwanaharamu apite sio upatanisho. Hata kitubio kina kuungama kwanza, hakianzi na malipizi wala na mchapalo.

Na sisi tuna la kwetu la kuungama. Mi mwenyewe nianze. Kuna mama mmoja Mmarekani Mweusi hapa, hayupo leo, sitamtaja jina. Miaka miwili nilikuwa nampita kila Dominika. Nikikaribia benchi lake alikuwa anachukua mkoba wake, ule wa bluu, anausogeza mapajani ili kuwe na nafasi. Mi nikamchekea, nikampita, nikaenda kukaa na watu wangu. Kila wiki. Siku moja kanisa limejaa, ikabidi nikae. Baada ya misa akaniambia alipokuwa msichana huko Kusini, wao walikuwa wanakaa mabenchi ya nyuma na wanapokea Komunyo wa mwisho, Wazungu wote wakishamaliza, na bibi yake alikuwa anawaambia msitoke, Kanisa hili ni la kwetu pia, msitoke. Hawakutoka. Alafu tukaja sisi, ngozi yake, tukampita akiwa ameshika mkoba. Unajua aliniambia nini? Alidhani sisi Waafrika tunawaona wao sio watu wa maana. Na tukisema ukweli nyumbani kwetu tunasema nini juu yao tukiwa mezani, mbele ya watoto? Wavivu, hawapendi shule, usitembee nao. Tunajua tunachosema. Watoto wetu wanakisikia, na polisi akiwasimamisha barabarani haulizi kama wametoka Tanga au Mississippi.

Baba Paroko ananionyesha saa. Basi haraka haraka, Julia Greeley wa Denver, alizaliwa mtumwa, mjeledi wa mwenye watumwa ulimharibu jicho, alikuwa anavuta kigari chekundu usiku kupeleka kuni na nguo kwa maskini, na usiku kwa sababu wengine walikuwa Wazungu na hakutaka majirani waone wamesaidiwa na Mweusi. Alilinda aibu ya waliomdharau. Huyo anataka saa nzima. Sista Thea Bowman 1989 aliwaimbia maaskofu akiwa mgonjwa wa kansa, kwenye kiti cha magurudumu, wakasimama wakashikana mikono. Pierre Toussaint, yule msusi wa New York aliyezaliwa mtumwa Haiti, naruka. Watu wa Goma, kijana wenu Floribert Bwana Chui, aliyekataa rushwa ya kupitisha mchele ulioharibika akauawa 2007, ametangazwa mwenyeheri Juni 2025, nilitaka niwaombe nyie mtuhadithie wenyewe, mwezi ujao basi. Na halmashauri ya parokia, nilikuwa na la kusema kuhusu nani yumo na nani hayumo, nimeliandika, nitampa Baba Paroko karatasi.

Dominika ijayo sio zamu yetu ya Kiswahili. Njooni misa ya saa nne. Upande wa kushoto, benchi la tatu, mkoba wa bluu. Akiusogeza, kaeni.